Lori Likisimama Sange

Songo, Uvira, alasiri

Verediana wangu,

Nimeketi nje, upande wa ukuta unaotazama ziwa, juu ya ile mbao ya reli niliyoigeuza benchi. Kivuli cha milima kimeshatufunika huku Songo, lakini ng'ambo kwa Warundi jua bado linawaka. Mama yako yuko ndani anafunga samaki wa ndagala kavu kwenye majani ya mgomba, kana kwamba Bukavu watu hawajui kula. Amekwisha kukuambia yote kuhusu blanketi, sabuni, baridi, na wasichana wenye maneno mengi. Mimi hayo siyarudii. Nikiyarudia utachanganya yangu na yake, na ya kwake ndiyo ya kushika.

Nakuandikia kwa sababu nina jambo ambalo siwezi kulisema nikikutazama. Juzi nilijaribu. Nilikuja jikoni nimeshalipanga kichwani, nikaishia kukugombeza kwamba umeunguza bugali. Haukuwa umeungua sana. Ulikuwa umeungua kidogo tu, kama kawaida yako ukiwa na kitabu.

Barua hii nitakupa kesho asubuhi ukishapanda lori. Isome kabla hamjafika Sange, hata kama barabara inakurusha. Lori litasimama pale sokoni kupakia mchele, na mimi najua nani atakuwa kando ya barabara anakungoja. Ni shangazi yako Anastasia. Najua pia alichokunong'oneza alipokuja hapa: kwamba ushuke na sanduku lako, uache lori liende Bukavu bila wewe, naye atayamaliza mengine yote na watu wa Zakaria aliyekuposa. Mama yako ameniambia. Usimkasirikie, alikuwa analia. Ameniambia pia kwamba shangazi yako hukumjibu hapana.

Basi tuanze na ng'ombe wa mahari yako, maana wewe unadhani ni mimi niliyemrudisha.

Siku uliyozaliwa, nyanya yako, mama yangu mimi, alimwita Karoli kutoka uani alikokuwa anacheza, akamkalisha mkekani, akakuweka mapajani pake. Akamwambia, "Karoli, huyu njo ngombe zako. Umuchunge muzuri." Watu wakacheka. Ndivyo ilivyo kwetu, mvulana huoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake, na kila mvulana ana dada wake. Kati yako na kaka yako tulizika watoto wawili, kwa hiyo hapakuwa na la kuchagua. Karoli alikuwa na wewe, nawe ulikuwa na Karoli. Alikuchunga kweli. Alikubeba mgongoni mpaka wenzake wakawa wanamwita mama Vere.

Zakaria wa Sange alipoleta maneno ya kukuoa, sikuona ubaya. Ni kijana wa heshima, kwao wana mpunga na mifugo, hapigi watu wala halewi ovyo. Walimleta ng'ombe wa kwanza, yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, tukamfunga nyuma ya nyumba. Wengine wangekuja baada ya mavuno. Wewe ulikuwa unampelekea majani ukidhani ni wetu. Hakuwa wetu, Vere. Yeye na wenzake wote wangepita tu hapa. Walikuwa wanaelekea Kimanga, kwa yule fundi wa nguo, baba yake Nabintu, mchumba wa Karoli, mzee ambaye amemngoja Karoli kwa uvumilivu ambao mimi nisingekuwa nao.

Halafu masista wakaja na habari yako. Umefaulu, kuna nafasi Bukavu, utasomea ualimu. Walitutajia vitu vya kuleta: blanketi, sahani, nguo za kubadilisha. Nikamwambia mama yako, kumbe ni hivyo tu? Baba yako mdogo Petro alikuwepo. Unamjua Petro, kila akifungua mdomo anataka nimnunulie baiskeli. Siku ile hakutaja baiskeli.

"Kaka," akasema, "weye hujue kuhesabu. Ile iko bei ya masista. Bei yetu iko kwa Karoli."

Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Blanketi halikuwa gharama. Gharama ya shule yako ilikuwa ni kile ambacho ungekileta hapa nyumbani kama usingekwenda shule, na kile kilikuwa mke wa kaka yako.

Petro akaendelea: "Na akimaliza kusoma, ataolewa. Masomo yake ataenda nayo kwa bwana. Siye tutabakia na nini?"

Nikamjibu kwa habari ya treni. Najua sasa unacheka. Baba na treni yake. Cheka, lakini soma.

Mimi niliingia kwenye treni ya Kamaniola nikiwa kijana asiye na ndevu. Nilianza kwa kutupa kuni motoni, nikaishia msaidizi wa mashinisti. Mashinisti mwenyewe, yule Mzungu mwendeshaji, alikuwa akichoka analala, nami naipeleka treni peke yangu mpaka mwisho wa njia. Niliijua mashini ile kuliko nilivyomjua mama yako, na mama yako mwenyewe atakuambia hivyo, tena kwa uchungu. Nilijua kwa kusikiliza kama maji yanapungua. Nilijua mahali gani uwandani reli huzama mvua ikinyesha sana, na kuni za mti gani hutoa moto wa haraka na za mti gani hutoa moto wa kukaa. Watu wa Sange walikuwa wakisikia ile filimbi wanasema, huyo ni Baba Karoli, maana nilikuwa na namna yangu ya kuipiga.

Nikadhani hiyo ndiyo elimu. Na ilikuwa elimu, sitaitukana leo kwa kuwa imeniacha. Lakini ilikuwa elimu ya mashini ile moja kwenye njia ile moja. Treni ilipofungwa na reli zikaanza kung'olewa, nilikwenda kwa kila mwenye injini hapa Uvira. Kwenye kiwanda cha pamba wakaniuliza kama najua injini za mafuta. Bandarini Kalundu wakaniuliza kama najua meli. Walikuwa na adabu, walinipa kiti. Nikarudi nyumbani na kila nilichokijua kikiwa bado kichwani, kizima, hakijapungua hata kidogo, lakini sikuwa na mahali pa kukitumia. Umewahi kuniona nimekaa hapa nimefumba macho? Mama yako hukuambia nyamaza, baba amesinzia. Sisinzii, Vere. Ninaendesha treni.

Hayo yangekuwa yangu peke yangu, ningeyabeba. Lakini nilimwingiza na Karoli.

Wewe ulikuwa mdogo, hukuona jinsi alivyokuwa darasani. Alikuwa na kichwa kuliko wewe. Usinune, na yeye mwenyewe hajui, maana sikumwambia kamwe. Kwetu watu wa treni ilikuwa heshima mtu kumleta mwanawe. Mkubwa wa gare, stesheni yetu, alimwandika, akampa kofia, na mtoto akaanza kupokea posho wakati wenzake bado wanaimba hesabu ubaoni. Tulikuwa tunatazamana kwa kiburi. Nani ameshamleta wake? Nani bado? Tulikaa jioni nyingi tukizungumza itakuwaje mashinisti akifa, nani atashika nafasi yake, ndiyo maana tuwaandae watoto mapema. Wote tulijua mashinisti anakufa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema treni inaweza kufa.

Mwalimu wake alikuja hapa. Alisimama pale mlangoni, amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Baba Karoli, huyu mutoto usimutoe mu klasi. Iko na kichwa."

"Mwalimu, kichwa yake itakula nini? Mu treni banamupokea leo. Weye utamupatia kazi?"

"Leo hapana."

"Basi."

Nilijiona nimeshinda. Mwalimu aliaga kwa heshima, na Karoli akamsindikiza mpaka barabarani. Walisimama pale muda mrefu wakiongea, sijui waliongea nini. Kesho yake alivaa ile kofia.

Na wewe, mama mwalimu, umetoka wapi? Kumbuka. Ulikuwa unakuja gare na mama yako kutuletea chakula, na Karoli anakungoja kwenye rundo la kuni. Alikuwa anachukua kipande cha mkaa anaandika neno kwenye gogo, anakuambia soma. Ukisoma sawasawa, gogo linaingia kwenye treni. Ukikosea, linabaki chini mpaka ulisome. Mimi niliwafokea mara nyingi kwamba mnachelewesha kuni. Nilikuwa nikitupa magogo motoni naona yameandikwa: baba, ziwa, samaki, Vere. Nikayachoma yote. Ulipoanza shule, masista wakashangaa umeshajua kusoma, nasi tukasema ni akili aliyopewa na Mungu.

Leo Karoli anabeba magunia Kalundu. Treni ilimchukua darasani, kisha ikamtupa kabla hajawa hata nusu ya nilichokuwa mimi.

Basi jioni ile ya kikao na Petro nikasema: Verediana ataenda. Nilisema kwa sauti kubwa, Petro akashtuka. Lakini neno langu lilikuwa halina miguu, na wote pale walijua. Ng'ombe akishafungwa kwa ajili ya binti, baba hawezi kumfungua. Anayeweza ni yule kaka ambaye ng'ombe ni wake. Wote tukamgeukia Karoli. Alikuwa anakula. Akaendelea kula, akalamba vidole, akasema amechoka, akaenda kulala.

Asubuhi nilikuta kamba imekatika, nusu yake iko kwenye kigingi. Nikadhani ni wezi. Nikapiga kelele, majirani wakatoka. Mama yako ndiye aliyeona kwamba fimbo ya Karoli haipo.

Alimpeleka yule ng'ombe mpaka Sange kwa miguu, peke yake. Unajua mwenyewe ile barabara jua likiwaka. Wewe ulikuwa kwa masista siku zile, ukarudi ukakuta nyuma ya nyumba hapana kitu, ukanitazama mimi. Nilikuacha uamini hivyo kwa kuwa yeye ndiye aliyetaka. Alipofika kwa kina Zakaria aliwaambia ni yeye aliyekataa, baba hahusiki, dada hahusiki. Wazee wa pale walimtukana. Mmoja alimuuliza kama ana akili timamu, maana hawajawahi kuona mwanamume anayerudisha mke wake mwenyewe kwa kamba.

Aliporudi nilimkuta ziwani ananawa miguu. Ilikuwa imevimba.

"Karoli, juu ya nini umefanya vile bila kuniuliza?"

"Baba, ile ngombe ilikuwa yangu. Nyanya alisema."

"Na Nabintu?"

Akachota maji, akamwagia mguu mmoja, kisha wa pili.

"Nabintu anajua."

"Alisema nini?"

"Alilia."

Nikaingia ziwani. Nikasimama pale majini na suruali yangu. Akasema bila kunitazama: "Minye nabeba gunia, baba. Kesho yake gunia ni ileile. Lakini Vere akirudia hapa monitrisi, mwalimu kabisa, muntu hataweza kumwambia treni imekufa."

Nililia, Verediana. Nilijifanya nanawa uso. Karoli alijua, akanisubiri nimalize.

Sasa shangazi yako.

Wewe unamwona mkali. Unaona anavyoingia hapa anakaa mahali pangu, anaonja mchuzi wa mama yako na kukunja uso, na sisi tunanyamaza. Ana haki. Mimi nilimwoa mama yako kwa ng'ombe wake. Wewe na Karoli mmetoka kwenye ng'ombe wa Anastasia, na kila tunapokula hapa tunakula kwake. Zamani, kabla ya kupelekwa Sange, alikuwa anamfuata katekista wa kilimani kwetu. Wasichana walikaa nje ya kanisa, yeye akakaa karibu na dirisha. Alishajua kuunganisha silabi. Usiku alikuwa anazitamka kitandani mpaka namwambia anyamaze. Masista walimtaka aende kukaa nao asome, na alikuwa ameshafunga vitu vyake. Baba yetu akasema ng'ombe wa kaka yako wamekwisha kufika. Kaka huyo ni mimi. Nilikuwa na haraka ya kuoa, mama yako alikuwa mzuri, na sikumuuliza Anastasia neno hata moja. Hata kama ningemuuliza, sidhani ningesikia.

Alipokuja hapa baada ya ng'ombe kurudi, wewe ulitumwa dukani. Alikaa, akakataa maji. Akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema, maana sijaweza kuyatoa masikioni:

"Kaka, minye munaniweka wapi? Balinitoa kwa katekista, nikasema sawa. Balinipeleka kwa muntu sikumujua, nikasema sawa. Juu muliniambia haiwezekane ingine, ngombe ya muntu hairudie. Leo nasikia imerudia. Mutoto ya juzi ameikamata kwa kamba, ameirudisha, na jua halikuanguka. Kumbe iliwezekana? Kama iliwezekana, minye nilikufia nini?"

Mama yako alitoka nje. Mimi nilibaki natazama sakafu. Akainuka akaondoka bila kuaga, akapitia kwako dukani, na huko ndiko alikokuambia ushuke Sange.

Wengine wanasema ana wivu. Petro anasema amehongwa na watu wa Zakaria. Mimi nadhani ni jambo jepesi kuliko hayo, na zito zaidi. Ukibaki Sange, maisha yake yatakuwa ni kitu kilichompata kila msichana. Ukipita, yatakuwa ni kitu sisi tulichomtendea. Nisingependa kuwa mahali pake lori likisimama.

Sasa nakuandikia ukweli ambao mama yako hataki nikuandikie. Ukishuka Sange, Karoli ataoa. Kina Zakaria wamekasirika lakini wanakutaka, ng'ombe atarudi hapa na wenzake, na fundi wa Kimanga bado hajapokea ng'ombe wa mtu mwingine. Ukipita, baada ya mavuno atawapokea. Yupo mwenye duka ambaye amekwisha kuuliza mara mbili. Sitakudanganya kwamba Karoli atapata msichana mwingine. Huenda atapata. Kwa mshahara wa magunia, bila ng'ombe wa dada, sijui ni lini.

Wala sitakuahidi kwamba shule hiyo itakufaa. Nani mimi niahidi? Niliwahi kuahidi treni. Siku hizi kila mtu ana lake, huyu anasema Wazungu wanaondoka, yule anasema hawaendi popote, na hakuna anayejua nani atawalipa walimu kesho. Inawezekana ukasoma, ukarudi, tukakuta hakuna darasa la kukupa.

Lakini nimekaa na lile swali la Petro, kwamba ukisoma nani atafaidi. Tulijibizana jioni nzima. Petro alisema mumeo. Mimi nikasema ukoo. Mama yako akasema watoto utakaowazaa. Nikaja kukaa hapa kwenye benchi, na nikiwa katikati ya njia yangu, nimepita Sange na filimbi nimepiga, nikagundua hakuna hata mmoja wetu aliyetaja jina lako. Tumekuhesabu kama ng'ombe, tumekuhesabu kama shamba, tumekuhesabu kama mke wa Karoli. Mimi pia, niliyejiona nakutetea. Kwa hiyo nakuambia sasa, kwa kuchelewa: faidi wewe kwanza. Yakibaki, tutakula.

Na usijifunge kwamba unatudai au tunakudai. Petro atakuandikia kuhusu baiskeli. Usimjibu. Nikifa kabla hujamaliza, usiache masomo uje unizike, nitazikwa tu. Karoli naye usijaribu kumlipa. Hakuna kitu Bukavu chenye ukubwa wa Nabintu, utajichosha bure. Nilimuuliza anataka nini kwako, nikidhani atasema shati au redio. Akafikiri, akasema, "Mutoto yangu ya kwanza akae mu klasi yake." Hana mke, hana hata mchumba sasa, na anaomba kiti cha mtoto. Niligeuka nikaenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

Kesho atakubebea sanduku mpaka kwenye lori. Ameomba ruhusa kazini. Ninavyomjua, hatasema neno la maana. Atakuambia tairi la nyuma ni bovu, au atamuuliza shoferi habari za mafuta. Usimshukuru mbele ya watu, atakimbia. Mtazame tu vizuri.

Mama yako ananiita nije nifunge sanduku kwa kamba. Ni ile nusu ya kamba iliyobaki kwenye kigingi, nimekwisha kuiona mkononi mwake.

Vere, ukishuka na kubaki, sitakuja Sange kukuchukua kwa nguvu. Nimechoka kuona wasichana wa ukoo huu wakichukuliwa kwa nguvu, hata kwa jambo jema. Nitakuja kwenye harusi yako na nitakunywa. Hilo ujue, ili utakachofanya kiwe chako.

Lakini umeniuliza kwa macho wiki nzima hii ninataka nini, nami nilikuwa nageuka. Ninachotaka ni hiki.

Lori likisimama Sange, usijifiche nyuma ya mizigo. Usimwombe shoferi apite haraka. Shuka. Sanduku liache juu. Shangazi yako atakuwa pale tangu asubuhi, na kile kitambaa chake cha buluu. Mpigie magoti hata kama kuna matope. Atakushika mkono, na ana nguvu, utaumia. Atasema. Mwache aseme mpaka mwisho, maana katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumsikiliza Anastasia mpaka mwisho, na wa kwanza kutomsikiliza ni mimi. Akilia, simama naye. Shoferi akipiga honi, mwache apige, nimeshamwambia angoje.

Mkono wake ukilegea, panda.

Baba yako